Gavana tulimchagua wenyewe: je, hana wa kumzuia?

*"Nauza viazi vya karai na mahamri kando ya barabara huku Likoni, mwaka wa tisa sasa. Kila siku nalipa ushuru, risiti ninazo, na leseni ya mwaka huu nimekata. Juzi jioni gari lilipita na kipaza sauti likitwambia tuhame. Kesho yake alfajiri wakaja na tingatinga, wakavunja vibanda 14, na masufuria yangu wakaenda nayo. Hakuna aliyetuonyesha karatasi. Sijui hata kama walikuwa watu wa kaunti au wa serikali kuu. Jirani yangu mmoja asema gavana tulimchagua wenyewe, kwa hivyo hana wa kumzuia. Mwengine asema tumwandikie Rais amwamuru gavana. Mume wangu asema Katiba ni ya mawakili na wenye hatimiliki, na ardhi ile kweli si yetu. Je, ndani ya Katiba mna kitu kinachomzuia mtu wa serikali, au ni maneno ya vitabuni?"*

Dada yangu, pole kwa yaliyokufika. Kibanda cha miaka tisa ni mtaji, ni wateja waliokuzoea, ni karo za watoto, na najua jibu la sheria halichemshi mafuta. Lakini umeuliza swali ambalo wengi hulimeza kimya, na nataka nilijibu lote. Ukiweka kando tingatinga na masufuria, unauliza hivi: mwenye nguvu za serikali akishaamua jambo, kuna mahali anapopaswa kusimama? Na akipitiliza, ni nani wa kumrudisha nyuma?

Mahali pa kusimama papo. Jirani zako wote wawili wamekosea, na mumeo amepata nusu.

Nianze na huyo wa gavana. Kifungu cha 1 cha Katiba ya 2010 chasema mamlaka yote ni ya wananchi wa Kenya, na yatatumiwa kwa kuifuata Katiba pekee. Kisha chataja waliokabidhiwa mamlaka hayo: Bunge na mabunge ya kaunti, serikali kuu na serikali za kaunti, mahakama na mabaraza huru. Lishike neno hilo la kukabidhiwa. Ukimwachia mtu ufunguo wa duka akuuzie mpaka urudi, hujampa duka. Kura yako ilikuwa ni kumkabidhi mtu kazi kwa muda na kwa masharti, na masharti hayo yameandikwa kabla ya yeye kuapishwa.

Tena ufunguo wenyewe haukupewa mkono mmoja. Gavana hawezi kujitungia sheria ya kaunti. Hupitishwa na Bunge la Kaunti, alimo mwakilishi wadi wako. Hawezi kutoa fedha kwenye mfuko wa kaunti kwa saini yake tu. Lazima ziwe zimeidhinishwa kisheria, na Mdhibiti wa Bajeti, ambaye si mtu wake, akubali zitoke. Zikishatumika, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu huzikagua. Hata ule ushuru unaolipa kila asubuhi, kifungu cha 210 chakataza kodi au ada ya leseni yoyote isiyotokana na sheria. Na wakibishana juu ya maana ya sheria, anayeisoma ni jaji, ambaye gavana hakumwajiri wala hawezi kumfuta. Yote haya yamepangwa kwa makusudi ili kila mkono uhitaji mkono mwengine kabla ya kumfikia mwananchi.

Sisi wa Pwani tuna sababu yetu ya kuuthamini mpango huu. Katiba ya uhuru ya 1963 ilikuwa na majimbo, ambayo chama cha KADU cha Ronald Ngala kiliyapigania kwa hofu kwamba nguvu zote zitakusanyika Nairobi. KADU kilivunjwa mwaka uliofuata, na majimbo yakafutwa. Mwaka 1982 Katiba ikabadilishwa nchi ikawa ya chama kimoja kwa sheria, na 1988 majaji wakaondolewa ulinzi wa kazi zao, ulinzi uliorudishwa miaka miwili baadaye. Mabadiliko yale yalipita Bungeni, kwa utaratibu wa wakati huo, bila mwananchi kuulizwa. Mji huu wa Mombasa uliendeshwa na baraza lililokuwa chini ya waziri wa serikali za mitaa, na mkuu wa mkoa aliteuliwa kutoka juu. Ndiyo maana waliotunga Katiba iliyopigiwa kura 4 Agosti 2010 walizigawa nguvu kwa upana namna hii, wakaweka pia kwamba mambo ya msingi, kama haki za watu, ugatuzi, uhuru wa mahakama na muda wa Rais, hayabadilishwi ila kwa kura ya maoni ya wananchi wenyewe.

Jirani yako wa pili anataka Rais amwamuru gavana. Naelewa anakotoka, maana wazee wetu walizoea hivyo. Lakini kifungu cha 6 chasema serikali ya ngazi ya taifa na zile za kaunti 47 ni tofauti, zinategemeana, na zifanye kazi kwa kushauriana. Gavana si mtumishi wa Rais. Rais hawezi kumfukuza. Anayeweza kumwondoa ni Bunge la Kaunti kwa kumshtaki na Seneti kwa kuamua. Hata kusimamisha serikali nzima ya kaunti kunataka hali ya vita, au sababu nzito kupita kiasi iliyochunguzwa na tume huru na kupata idhini ya Seneti. Barua kwa Rais mwaweza kuandika, hakuna kosa, ila msiketi mkingoja majibu yake huku siku zenu za kisheria zinakwisha.

Hapa ndipo ningependa tukae kidogo, kwa sababu umeandika jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote: hujui ni nani aliyekuvunjia. Usipojua hilo, utamshtaki asiyehusika na kesi itatupwa. Jedwali la Nne la Katiba limegawa kazi. Barabara kuu za kitaifa ni za serikali kuu. Barabara za kaunti, masoko na leseni za biashara ni za kaunti. Kwa hivyo inawezekana leseni yako umepewa na kaunti, ushuru unapokewa na kaunti, kumbe kibanda kimesimama kwenye hifadhi ya barabara inayosimamiwa na mamlaka ya kitaifa. Barabara ya Likoni kwenda Lungalunga, kwa mfano, ni ya kitaifa. Kichochoro kinachoingia mtaani kutoka hapo huenda kikawa cha kaunti. Mipaka hii haiko wazi kila mara hata kwa maafisa wenyewe. Jedwali limetaja vivuko kwenye orodha ya kaunti, lakini feri unayovukia inaendeshwa na Mamlaka ya Bandari, ambayo ni shirika la serikali kuu. Basi kazi yenu ya kwanza ni kuuliza: sare zilikuwa za rangi gani, gari lilikuwa na nambari gani, nani ana video. Mtu mmoja kati ya watu wa vibanda 14 hakosi kuwa alirekodi.

Sasa mumeo. Ati Katiba ni ya mawakili. Neno hili huniuma kila nilisikiapo, kwa sababu kifungu kinachokuhusu zaidi kimeandikwa kwa lugha ya mtu wa kawaida. Kifungu cha 47 chasema kila mtu ana haki ya kuamuliwa mambo yake na maafisa kwa haraka, kwa ufanisi, kwa kufuata sheria, kwa busara na kwa utaratibu wa haki. Na uamuzi ukielekea kumdhuru, apewe sababu kwa maandishi. Hakikusema kila mwenye hatimiliki. Kimesema kila mtu.

Nikufafanulie jinsi kinavyofanya kazi, kwani hapa ndipo mpaka ulipo. Afisa wa serikali si kama mimi na wewe. Sisi twaweza kufanya lolote ambalo sheria haikukataza. Yeye hawezi kufanya lolote ila lile ambalo sheria imemruhusu. Kwa hivyo anaposimama mbele ya kibanda chako, lazima awe na sheria inayompa uwezo wa kukiondoa, awe ndiye aliyetajwa na sheria hiyo, awe amekupa notisi na nafasi ya kujieleza, na hatua yake isizidi kiasi cha tatizo lenyewe. Kimoja kikikosekana, hata kama lengo lake ni zuri, hata kama barabara kweli yahitaji kupanuliwa, kitendo chake kina dosari na mahakama yaweza kukibatilisha. Kipaza sauti cha jioni kwa ajili ya tingatinga la alfajiri ni vigumu sana kukiita notisi. Sheria ya Ardhi yataka wanaokalia ardhi ya umma bila idhini wapewe notisi ya angalau miezi mitatu kabla ya kuondolewa, na siku yenyewe wanaowaondoa wajitambulishe na waonyeshe idhini rasmi. Na kama mlipewa notisi ya kukiuka mipango ya ujenzi, ile hukatiwa rufaa kwa kamati ya kaunti ndani ya siku 14. Ni ipi inayowagusa nyinyi itategemea ardhi ni ya nani na nyinyi mlikuwapo kwa idhini gani, lakini sijui sheria yoyote inayoruhusu kimya kitupu.

Wahenga wa hapa walisema Mgala muue na haki umpe. Mfano ninaoupenda kuutoa wa Katiba kutendeka hivyo ulitokea papa hapa. Kundi la Mombasa Republican Council, lile la kauli ya "Pwani si Kenya", lilipigwa marufuku na serikali mwaka 2010. Serikali haikulipenda hata chembe, na Wakenya wengi hawakukubaliana nalo. Julai 2012 Mahakama Kuu ya Mombasa ilitangaza marufuku ile ni kinyume cha Katiba. Majaji hawakusema Pwani ijitenge. Walichopima ni kama serikali, katika kuwanyima watu haki ya kujumuika, ilikuwa na sababu ya kutosha na ilitumia hatua ya kiasi. Kama mlango ule ulifunguka kwa watu waliokuwa wakikana nchi yenyewe, muuza viazi mwenye leseni atakosa vipi kuupitia?

Na si kundi lile tu. Novemba 2020 mahakama hiyohiyo iliamua kwamba agizo la kulazimisha mizigo ya bandarini kusafirishwa kwa reli ya SGR lilikiuka Katiba, kwa kuwa watu ambao maisha yao yangeguswa hawakushirikishwa. Hayo yalikuwa maamuzi ya serikali kuu, yenye mabilioni nyuma yake.

Nimesema mumeo amepata nusu, na sitaki kukuficha nusu hiyo. Katiba haikupi kibanda. Ardhi ya barabara ni ya umma, na serikali ina haki, tena wajibu, wa kuipanga. Kifungu cha 40 kinalinda mali, lakini hakilindi mali iliyopatikana kinyume cha sheria, na haki nyingi zaweza kupunguzwa kwa sheria ikiwa upunguzaji huo ni wa busara katika nchi huru. Haki zisizoguswa kabisa ni nne tu: kutoteswa, kutofanywa mtumwa, kuhukumiwa kwa haki, na kufikishwa mbele ya mahakama ukizuiliwa. Kwa hivyo yawezekana ukashinda kesi, jaji akasema mlivunjiwa visivyo, akaamuru mlipwe fidia, na bado kaunti ikafuata utaratibu sawasawa mara ya pili na mkahama. Kinacholindwa na kifungu cha 47 ni njia ya kufikia uamuzi. Mtu akikwambia kwamba Katiba itakurudisha palepale daima, anakudanganya.

Lakini kutokuwa na hatimiliki hakumaanishi huna kitu. Kijiji cha Mitumba karibu na uwanja wa ndege wa Wilson kilibomolewa Novemba 2011, na kesi yao ikafika Mahakama ya Juu. Tarehe 11 Januari 2021 majaji walisema kwamba watu wasio na ardhi wanaoishi kwenye ardhi ya umma, ingawa hawaimiliki, wana haki ya makazi inayostahili kulindwa. Ile ilikuwa ni nyumba, yako ni biashara, na wakili wa upande wa pili hatakosa kuitaja tofauti hiyo. Hata hivyo msingi ni mmoja. Angalia pia tarehe, dada yangu: kubomolewa 2011, kuamuliwa 2021, na hata hapo kesi ikarudishwa Mahakama Kuu kuamua watu wapewe nini. Mahakama zetu zina ujasiri, ila ni za polepole, na zaweza kugeuziana maamuzi. Sheria ya Fedha ya 2023 ilibatilishwa yote na Mahakama ya Rufaa Julai 2024, na Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Juu ikaurudisha uhai wake. Ukienda mahakamani, nenda ukijua hilo.

Nguvu yako kubwa iko kwenye risiti zako. Nimewaona wafanyabiashara wakiacha risiti za ushuru ziliwe na panya kwa kudhani ni takataka. Serikali inayopokea fedha zako kila asubuhi kwa miaka tisa, kisha inakukatia leseni, imekujengea matarajio halali kwamba haitakuondoa bila kukusikiliza. Mahakama huyazingatia matarajio hayo. Zipange kwa miaka, zipigie picha zote, na karatasi zenyewe usimpe mtu, mpe nakala.

Wiki hii hii andikeni barua moja, watu 14 mtie saini. Iandikeni kwa Kiswahili. Kifungu cha 7 kimekifanya lugha rasmi. Ulizeni ni nani aliyeamuru, kwa sheria ipi, notisi ilitolewa lini, na bidhaa zilizochukuliwa ziko wapi. Pelekeni kaunti na pia mamlaka inayohusika na barabara hiyo, na nakala zenu zipigwe muhuri wa kupokewa. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya 2016 inaitaka ofisi ijibu ndani ya siku 21. Sheria ya 2015 kuhusu haki katika maamuzi ya maafisa inaitaka itoe sababu kwa maandishi ndani ya miezi mitatu ya kuombwa. Isipofanya hivyo, huchukuliwa kwamba ilitenda bila sababu nzuri mpaka ithibitishe vingine. Yaani hata kimya chao kitawasaidia nyinyi. Masufuria yadaini kwa majina na idadi, maana kuvunja kibanda ni jambo moja na kuchukua mali ya mtu bila kumpa stakabadhi ni jambo la pili.

Mwakilishi wadi wenu muoneni pia. Bunge la Kaunti laweza kupokea ombi la wananchi na kuwaita maafisa wajieleze, na bajeti ya masoko hupita mikononi mwake. Malalamiko dhidi ya watumishi wa umma hupokewa pia na ofisi ya Ombudsman, bila malipo. Njia hizi haziwazuii kwenda mahakamani, na mara nyingine jaji atawauliza kama mlizijaribu kwanza.

Mahakamani kwenyewe, kifungu cha 22 chasema hakuna ada ya kufungua kesi ya kudai haki za Katiba, na kwamba mahakama yaweza kupokea hata maandishi yasiyo rasmi. Waweza pia kuwafungulia wenzako wasioweza. Lakini kwa jambo lako nakusihi usiende peke yako. Migogoro ya ardhi na matumizi yake ina mahakama yake, ile ya Mazingira na Ardhi, na ukifungua penye si pake utapoteza miezi. Ukishindwa, waweza kuamriwa gharama za upande wa pili. Kama hujiwezi kwa wakili, mashirika ya kutetea haki ya Kituo cha Sheria na MUHURI yana ofisi hapa Mombasa na kesi za namna hii yanazijua.

Kuna hali ambazo hazingoji barua wala siku 21. Mkisikia wanarudi kwa vibanda vilivyobaki, muoneni wakili siku hiyohiyo. Aweza kwenda kwa jaji na cheti cha dharura kuomba amri ya kuzuia ubomoaji mpaka msikilizwe, na amri hiyo hufaa kabla ya tingatinga kufika kuliko baadaye. Mtu akiumizwa, aende hospitali kwanza na ripoti ya daktari aitunze. Akikamatwa mmoja wenu, ana haki ya kuambiwa sababu kwa lugha anayoielewa, kuwasiliana na wakili, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, isipokuwa zikiishia nje ya saa za mahakama au siku isiyo ya kazi. Na msiwarushie mawe askari, hata kwa uchungu. Kifungu cha 37 kinalinda maandamano ya amani yasiyo na silaha, na jiwe moja kwenye video litaifunika kesi yote ya wale 13 wengine.

Unapokwenda kwa wakili, chukua risiti, leseni, nakala ya barua yenye muhuri, picha za kibanda kabla na baada, na majina yenu wote 14. Mwambie pia lile uliloniambia mimi, kwamba hakuna aliyewaonyesha karatasi. Atakuuliza saa ngapi na nani mwengine aliona, kwa hivyo liandike leo ungali unakumbuka.